Milioni 68 za blokcheni na akili mnemba: SACCOS yetu inunue?

"Mimi ni katibu wa SACCOS yenye wanachama 1,150, mchanganyiko wa walimu, wakulima na wafanyabiashara wadogo. Hesabu zetu ziko kwenye leja na mafaili ya Excel. Mwaka jana tulitoa mikopo 400, wastani wa shilingi milioni 1.5 kila mmoja, na 24 imepitisha siku 90 bila marejesho. Isitoshe, vitabu vya wanachama na leja havisomi sawa, na keshia mmoja tumemwondoa kwa sababu hiyo. Sasa kuna kampuni imetuletea mfumo wa data kubwa, blokcheni na akili mnemba kwa shilingi milioni 68, na milioni 1.5 kila mwezi. Wanasema hauchezewi na mtu, na unamtambua mkopaji atakayeshindwa kulipa kwa usahihi wa asilimia 94. Vijana kwenye bodi wameshakubali. Mwenyekiti wetu, ambaye ni mzee, anasema mambo haya yote ni kiinimacho. Mkutano mkuu uko karibu. Tumfuate nani?"

Ndugu Katibu,

Nimesoma barua yako mara mbili. Sentensi iliyonisimamisha ni ile uliyoipitia mbio, kwamba vitabu vya wanachama na leja havisomi sawa. Nitairudia huko mbele. Lakini swali lako naliheshimu kama ulivyoliuliza: unataka kujua kama maneno haya yanayong'arishwa kwenye projekta yana kitu ndani yake, au mnapigwa changa la macho. Kwa kifupi, teknolojia zote tatu ni za kweli na zinafanya kazi, ila hakuna hata moja inayotibu ugonjwa mlio nao. Vijana wenu wamekosea mahali, na mzee naye amekosea mahali.

Nianze na hiyo "data kubwa", maana ndiyo nyepesi kuimaliza. Chukua mwanachama mmoja: anaweka akiba, ananunua hisa, anarejesha mkopo, anatozwa ada. Tuseme ana miamala 10 kwa mwezi, na hapo nimewapendelea. Kwa wanachama 1,150 tunapata mistari 11,500 kwa mwezi, 138,000 kwa mwaka, karibu milioni 1.4 kwa miaka kumi. Mstari mmoja wenye tarehe, namba ya mwanachama, kiasi na maelezo mafupi hauhitaji zaidi ya baiti 200 hivi. Zidisha, utaona miaka kumi ya SACCOS yenu yote haifiki megabaiti 300. Video ya harusi ya mpwa wako ni nzito kuliko hapo.

Neno hilo lilivuma kutokana na shida ya kwingine kabisa: data nyingi kupita uwezo wa kompyuta moja. Mwaka 2004 wahandisi wa Google walieleza hadharani jinsi wanavyogawa kazi ya kuchambua kurasa za intaneti ya dunia nzima kwa maelfu ya kompyuta kwa wakati mmoja. Wao walikuwa na shida hiyo. Kampuni nyingine zikanunua dawa kabla ya kupima kama zinaumwa. Watafiti wa Microsoft walipochungulia mwaka 2012 kazi zilizokuwa zikipitishwa kwenye mitambo ya namna hiyo, huko Microsoft kwenyewe na Yahoo, walikuta zaidi ya nusu zinasoma data isiyofika gigabaiti 14. Hata wao, nusu ya kazi zao zingeweza kufanyika kwenye mashine moja nzuri. Kitu kimoja tu niwape vijana hapa: Excel haitawafaa siku zote. Ukurasa wake mmoja unaishia mstari wa 1,048,576, na kabla hamjafika huko, mafaili matatu yenye jina moja kwenye kompyuta tatu yatakuwa yameshawagombanisha.

Blokcheni inataka subira kidogo. Ilitoka kwenye andiko la mwaka 2008 la mtu, au watu, waliojiita Satoshi Nakamoto, na mtandao wa Bitcoin ukaanza Januari 2009. Shida waliyotaka kuitatua ilikuwa ya pekee: watu wasiojuana wala kuaminiana, wasio na benki wala mwenyekiti kati yao, watawezaje kutunza daftari moja la fedha? Fikiria daftari ambalo juu ya kila ukurasa mpya imeandikwa namba ndefu iliyokokotolewa kutokana na kila herufi ya ukurasa uliotangulia. Ukifuta sifuri moja kwenye ukurasa wa 12, namba ya ukurasa wa 13 inakataa, na wa 14, hadi wa mwisho. Nakala za daftari hilo ziko kwa maelfu ya watu, hivyo anayetaka kudanganya itabidi abishane nao wote. Ni ubunifu mzuri, sina ugomvi nao.

Sasa lilete daftari hilo ofisini kwenu. Nakala zitakaa wapi? Kama zote zimo kwenye mashine za kampuni ileile, basi wale maelfu ya mashahidi wamebaki shahidi mmoja, naye ndiye anayewauzia. Hilo ni dogo. Kubwa ni hili: mama analeta shilingi 50,000, keshia anaandika 30,000 na kutia 20,000 mfukoni. Blokcheni itaitunza hiyo 30,000 kwa uaminifu wote, haitafutika milele. Wizi mwingi wa aina hii hufanyika dirishani, kabla ya kalamu kugusa karatasi, na hakuna ukokotoaji unaoona noti ambazo hazikuandikwa.

Anayeziona ni yule mama. Simu yake ikilia akiwa bado dirishani na meseji inayosema "Umeweka shilingi 30,000", ugomvi unaanza kabla hajafika mlangoni. Ongeza kanuni kwamba anayepokea fedha siye anayeidhinisha marekebisho. Ongeza mfumo unaoandika wenyewe nani alibadilisha nini na saa ngapi. Kisha kila jioni fedha taslimu, taarifa ya benki na taarifa ya miamala ya simu zilinganishwe na mistari ya siku hiyo. Keshia wenu asingevuka wiki. Hayo yote yanapatikana kwenye mfumo wa kawaida wa kanzidata, yaani data iliyopangwa kwa majedwali ndani ya kompyuta, ufundi ambao msingi wake ni andiko la Edgar Codd wa IBM la mwaka 1970. Huenda ni mkongwe kuliko wajumbe wako wengi wa bodi, ndiyo maana hakuna anayeukodishia ukumbi wa hoteli kuutangaza.

Na msidhani ni sisi wa vyama vidogo tu tunaovutwa. Soko la hisa la Australia, ASX, lilitangaza Desemba 2017 kwamba litabadilisha mfumo wake wa kukamilisha mauzo ya hisa kwa teknolojia ya jamii ya blokcheni. Novemba 2022 likasimamisha kazi na kufuta kwenye vitabu vyake takribani dola milioni 250 za Australia. Lilikuwa na wahandisi, wanasheria, na karibu miaka mitano.

Tuje kwenye akili mnemba, na ile asilimia 94. Hapa naomba uchukue karatasi.

Mikopo 400, mibovu 24. Ishirini na nne kati ya mia nne ni asilimia 6. Sasa mimi nakutengenezea mfumo wangu wa bure: ni kibao cha mbao kilichoandikwa "Atalipa". Kila mwombaji akija, unakisoma kibao. Kwa mikopo yenu ya mwaka jana kibao changu kingekuwa sahihi mara 376 kati ya 400, yaani asilimia 94. Usahihi uleule wanaowauzia kwa mamilioni. Sisemi kampuni hiyo imewauzia kibao. Ninachosema ni kwamba namba waliyowapa haiwezi kuutofautisha mfumo wao na kibao, na mtu aliyebobea kwenye kazi hii analijua hilo.

Waulizeni maswali mawili tu. Kati ya mikopo iliyokuja kuharibika, mfumo uliitambua mingapi mapema? Na kati ya ile uliyoinyooshea kidole, mingapi ililipwa vizuri? Tuseme mfumo unawatilia shaka waombaji 40, na kati yao 12 ndio walioharibu kweli. Umeshika nusu ya wabaya, lakini umewachafulia jina wanachama 28 waaminifu, na wabaya wengine 12 wamepita. Ukihesabu usahihi wake utapata 360 kati ya 400, asilimia 90, chini ya kibao changu! Hata hivyo mfumo huo una faida fulani ambayo kibao hakina. Umeona jinsi namba moja ya "usahihi" inavyoweza kuvika kitu cha bure joho na kukivua kitu chenye manufaa?

Kisha wekeni fedha mezani. Milioni 68 na milioni 1.5 kwa mwezi, kwa miaka mitatu, ni milioni 122. Gawanya kwa wanachama, kila mmoja anachangia zaidi ya shilingi laki moja kwa miaka hiyo mitatu. Kwa chama kizima ni karibu milioni 41 kila mwaka. Mikopo yote 24 ikipotea hadi senti ya mwisho, bila mdhamini wala akiba ya kukamata, hasara ni milioni 36. Mfumo ukishika nusu, umeokoa milioni 18. Hata tukiupa kila upendeleo, mnalipa 41 ili kuokoa 18.

Inafaa kujua kwa nini mashine hizi hufanikiwa kwingine. Hazina kipaji cha kumsoma mtu. Zinajifunza kutoka kwa waliotangulia. Unazipa maelfu kwa maelfu ya mikopo ya zamani, iliyolipwa na isiyolipwa, nazo zinatafuta kinachojirudia. M-Shwari, huduma ya akiba na mikopo ya simu, ilipoanza Kenya Novemba 2012, mkopeshaji alikuwa na historia za simu na fedha za mamilioni ya watu, mikopo ilikuwa midogo, haina mdhamini, na hakuna kamati ambayo ingeweza kukaa kikao kwa kila mwombaji. Pale kukokotoa kulikuwa na maana. Nyinyi mna mikopo mibovu 24 kwa mwaka. Baadhi yao walifiwa, mwingine mvua ilimtupa mkono, mwingine mshahara ulichelewa. Mashine itajifunza nini hapo? Kamati yenu ya mikopo inamjua mwombaji, shamba lake, wadhamini wake na wakwe zake. Kwa ukubwa wenu, hiyo ndiyo data nene kuliko zote, na ikikataa mkopo inaweza kumweleza mtu sababu.

Tena kinachojirudia leo kinaweza kuacha kujirudia kesho. Mwaka 2008 Google ilianzisha huduma ya kukadiria mafua ya msimu kwa kuangalia maneno ambayo watu wanatafuta mtandaoni. Ilisifiwa sana, nami nakiri niliisifia. Msimu wa 2012 hadi 2013 makadirio yake nchini Marekani yakafika karibu mara mbili ya yale yaliyotolewa na CDC, taasisi yao ya kudhibiti magonjwa, kutokana na ripoti za madaktari. Wanaotafuta neno "mafua" si wote wana mafua. Wengine wameona habari tu. Mwaka 2015 Google ikaacha kuchapisha makadirio hayo.

Hadi hapa mzee mwenyekiti anatabasamu. Mwambie asitabasamu sana. Mwaka 2009 Tanzania ilifanya jaribio lililoitwa SMS for Life katika wilaya tatu, Lindi Vijijini, Ulanga na Kigoma Vijijini, kwenye vituo vya afya 129. Kila wiki mhudumu alikumbushwa kwa meseji kuhesabu dawa za malaria zilizobaki, akazihesabu na kujibu kwa meseji. Namba zikafika wilayani, na wenye dhamana wakajua kituo gani kipelekewe nini. Wiki ya kwanza asilimia 78 ya vituo vilikuwa vimeishiwa dawa ya malaria ya aina moja au zaidi. Wiki ya 21 vilikuwa asilimia 26. Nyuma ya kazi ile walikuwapo IBM na Vodafone, ambao wangeweza kuleta mitambo ya kutisha. Wakachagua kitochi, kwa sababu ndicho mhudumu alichokuwa nacho, na kwa sababu namba ile ilikuwa na mtu wa kuifanyia kazi siku inayofuata.

Hapo ndipo ninapotofautiana na mzee. Dawa ile haikufika kwa miujiza. Teknolojia iliisukuma kwa kubeba habari moja ndogo kutoka kwa anayeijua kwenda kwa anayeihitaji. Hata mimi ilinichukua muda kuelewa. Kuna taasisi niliwahi kuitengenezea dashibodi yenye ramani, rangi na mishale inayocheza. Wakuu walipiga makofi. Miezi sita baadaye nikaangalia kumbukumbu za mfumo nikakuta imefunguliwa mara tisa, na mara saba kati ya hizo alikuwa mimi mwenyewe nikihakikisha haijaharibika. Mtunza stoo, ambaye ndiye aliyeagiza mali, alikuwa anaendelea na daftari lake la kaunta. Hakuna aliyemuuliza anataka kuona nini asubuhi. Nilizilipia zile rangi kwa aibu, wao walizilipia kwa fedha.

Kwa hiyo kwenu naona njia tatu. Ya kwanza ni kubaki na leja na Excel, mkiongeza nidhamu: faili moja, mtu mmoja wa kuingiza, mwingine wa kukagua, nakala ya akiba nje ya ofisi kila wiki. Hiyo inawatosha kwa miezi kadhaa, si miaka. Ya pili, ambayo ndiyo ningeichagua, ni mfumo wa kawaida wa hesabu za SACCOS: akiba, hisa, mikopo, meseji kwa mwanachama kila muamala, kumbukumbu ya mabadiliko, na ripoti ambazo Tume ya Maendeleo ya Ushirika inazihitaji. Ombeni bei kutoka kwa wauzaji watatu, na mwende kuuona kwenye SACCOS nyingine inayoutumia, bila muuzaji kuwapo. Zungumzeni na keshia wao badala ya meneja. Ya tatu ni hiyo ya kampuni yenu. Ningeifikiria pale tu wanapokubali kuuza sehemu ya hesabu na meseji peke yake, na mengine kuwekwa pembeni.

Njia yoyote mtakayopita, msihamishe salio bovu. Kama kitabu cha mama kinasema 840,000 na leja inasema 690,000, mfumo mpya utapokea namba yoyote mtakayoingiza na kuichapisha kwa maandishi mazuri, na kuanzia siku hiyo kosa litakuwa rasmi. Iteni wanachama waje na vitabu vyao, msomeane, msaini. Ni kazi ya kuchosha, huenda miezi mitatu, na hakuna kampuni itakayowafanyia. Baada ya hapo endesheni mfumo mpya sambamba na leja kwa mwezi mmoja au miwili.

Kwenye mkataba angalieni kwamba data ni mali ya chama, kwamba mnaweza kuichukua yote wakati wowote katika muundo ambao Excel inaufungua, na kwamba mnalipa kwa hatua. Kama aplikesheni yao inataka kusoma meseji na orodha ya majina kwenye simu za wanachama, simameni hapohapo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inawahusu nyinyi kama chama, pamoja na muuzaji wenu.

Kuna mambo ambayo barua yangu haiwezi kuwafanyia. Tofauti kati ya vitabu na leja, hasa ikiwa imewagusa wanachama wengi, inahitaji mkaguzi ana kwa ana kabla ya ununuzi wowote. Mwone afisa ushirika wa wilaya, na kupitia kwake au moja kwa moja, COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika. Suala la keshia lipelekeni kwa mwanasheria mkiwa na stakabadhi zenyewe mkononi, na mzifungie mahali salama leo, kwa sababu siku mfumo mpya ukija, makaratasi ya zamani huwa ya kwanza kutupwa. Mkataba nao usomwe na mtu wa kompyuta asiyepata kamisheni kwa yeyote. Mwalimu wa TEHAMA mwenye kichwa kizuri kati ya wanachama wenu anaweza kutosha.

Kama mkutano mkuu uko karibu mno, ombeni ajenda hii isogezwe, na mweleze sababu waziwazi. Kampuni ikiwaambia bei itapanda kwa kuwa mmeomba miezi mitatu ya kulinganisha vitabu, naomba unitumie nakala ya barua yao.